Bikwembe Kumi bya Kaswera

Mara ya kwanza batu ba afya balikuja kupima batoto bembamba. Balikuwa banafunga kamba ya karatasi kwa mukono, na mutoto mwenye kamba yake ilionyesha rangi nyekundu alirudi kwao na sachet ya karanga ya kusaga. Batoto banene ba jirani balibakia kulia. Donc wakati balance, ile mashini ya kupima kilo, ilirudi Butembo mwaka hii, sisi bote tulijua kazi yake: ukikonda, unapewa. Mama Débora, présidente wa kwaya, alikaa siku mbili na chai tu, ili kitu kisimupite.

Kumbe balance ilikuwa imebadilisha roho. Sasa ilikuwa inatafuta banene.

Delphin, kijana wa kupima, alitufasiria pa salle ya paroisse, pale kanisani: "Bamama, unene ni shida ya afya ya bote. Unaleta ugonjwa ya moyo, unaleta presha, unaleta sukari. Tutafuata bamama makumi ine, miezi sita, tuone kama mashauri inasaidia: kutembea, kupunguza mafuta ya mawesi, kuacha bintu bya sukari."

Halafu pause ya kupumzika ikafika. Balituletea Fanta na mikate ya kukaanga, mbili mbili. Chef yake Delphin, mukubwa wake wa kazi, mwenye tumbo yake ilikuwa imeingia mulangoni mbele yake, akachukua ine.

"Papa," nikamuuliza, "na wewe unapimwa lini?"

"Hapana, mukaka," akajibu, akiniita kwa heshima ya bamama bazee. "Mimi niko mutafiti."

Kitendawili: nyumba inapanuka kila mwaka, mwenye nyumba anazidi kukosa pumzi ndani. Ni mwili. Ule wa mutoto wangu Kaswera ulifika kilo mia moja na tatu. Mimi nilimuzaa na kilo tatu. Ile mia aliipata kwa bwana yake.

Bwana yake, Gérard, anauzisha bikwembe, ile bitenge bya kujifunga; magasin yake, ni kusema duka, imejaa mpaka juu. Na kwetu, bibi wa mucuruzi ndiye enseigne, kibao cha mulangoni mwa magasin. Akinenepa, batu banasema kontena imefika. Akikonda, banasema bwana amefilisika, ao banataja kwa sauti ya chini ile ugonjwa yenye hatuiti jina. Kila mara bageni bakifika, Gérard alikuwa anamupakulia nyama mara mbili. "Kula, mama, batu baone."

Mais Kaswera alikuwa na kidonda chini ya muguu, miezi ine bila kukauka. Docteur Gracieuse, mwenye kuongoza ile utafiti, alimutoa damu, akakuta sukari iko juu sana. Akamwambia mbele yangu, pole pole kama mutu anayebeba mayai:

"Mama, dawa utapewa kila mwezi, bure, muda wote utafiti iko. Mais utembee, upunguze kilo. Bila ile, muguu tutaukata."

Njiani Kaswera akalia. "Mama, nikikonda, Butembo itamuzika Gérard angali mzima. Nani atamukopesha tena mali?"

"Na usipokonda?"

"Itanizika mimi, kipande kwa kipande."

Gérard naye hakukataa. Anapenda bibi yake. Alifikiri siku moja nzima, akarudi na jibu ya mucuruzi: "Ukonde ndani, inje ubakie vile vile."

Basi kila asubuhi Kaswera alitembea mpaka shamba langu, akapanda kilima, akateremuka. Aliacha mafuta, akakula mboga ya lengalenga, maharagi, na bugali kiasi ya ngumi yake. Kilo zikaanza kutoka. Na kila kilo yenye ilitoka, tuliweka kikwembe pa nafasi yake. Mwezi wa kwanza kimoja kwa kiuno. Mwezi wa tatu bitano. Mwezi wa sita bikwembe kumi, na pull yangu ya sufu, ile ninavaa nikienda kwa ndugu zangu Lubero kwenye baridi. Ni mimi nilikuwa ninamufunga, kikwembe juu ya kikwembe, nikikaza kama mutu anayefunga chikwangue, mukate wa muhogo, ndani ya majani.

Bamama ba kanisa bakamusifu: "Kaswera, unazidi kung'aa!" Alikuwa anang'aa kweli. Ni jasho.

Na balance? Siku ya kwanza kabisa Delphin alituomba tuvue nguo nzito. Mama Débora akasimama, mikono kwa kiuno. "Nikuvulie wewe? Mutoto mwenye nilimupangusa kamasi?" Delphin akafungua karatasi yake. Karatasi ilisema: kama mutu anakataa kuvua, toa kilo moja ya nguo. Sijui ni nani aliandika ile karatasi. Labda kwao batu banavaa shati moja tu. Delphin alifuata karatasi kila mwezi, hata kwa Kaswera: mia moja na tatu, toa moja. Mia moja na mbili, toa moja. Mia moja na tatu, toa moja.

Kitendawili tena: hana mudomo, hana macho, mais anakusema mbele ya batu bote. Ni balance. Na sisi tulikuwa tumemufundisha kusema uongo.

Siku ya mwisho balituita tena pa salle, sisi na mabwana. Docteur Gracieuse akaonyesha mustari kwa ukuta. Ule mustari ulinyooka kuliko barabara yote ya Butembo mpaka Beni.

"Bamama makumi ine, miezi sita," akasema na huzuni, "na hakuna hata gramu moja imetoka."

Chef akameza mukate yake kwanza. "Donc rapport inasema mashauri haifae kwa bamama ba huku. Ni culture yao. Labda pia hewa ya milima. Kinshasa itasoma, na hakuna mutu atasumbua tena bamama na kutembea. Programme inafungwa leo."

"Na dawa ya sukari?" nikauliza.

"Mukaka, dawa ilikuwa ya utafiti."

Kaswera akaangalia muguu wake ndani ya sandale. Kidonda kilikuwa kimebakia kama mbegu ya haragi. Akamuangalia Gérard, mwenye aliketi katikati ya bacuruzi benzake. Gérard akatikisa kichwa, kidogo tu: hapana. Kaswera akasimama.

"Docteur, ngoja kwanza kufunga."

Akafungua kikwembe cha kwanza.

"We Kaswera!" Mama Débora akapiga kelele. "Unafanya nini mbele ya mabwana?"

"Ninatoa rapport yangu."

Delphin akageukia ukuta. Mimi nikaanza kupokea: cha maua, cha ndege, cha sikukuu ya bamama, cha kaniki. Tulipofika kumi, na pull yangu juu, mutoto wangu alibakia ndani ya gauni moja nyepesi, yenye ilikuwa inamuelea kama pazia. Akapanda kwa balance. Tisini na moja.

Kisha mucuruzi mumoja akanong'ona: "Gérard, kumbe..."

"Kumbe nini, papa?" Kaswera akauliza. "Sina ile ugonjwa munafikiri. Na magasin iko wazi, kesho mukuje kununua. Niko na sukari. Ninakonda ili nibakie na miguu mibili."

Hapo Mama Débora akaruka. "Unafikiri ni wewe peke yako mwenye akili?" Akatoa bikwembe bitatu, na chini yabyo muto wa kiti cha fauteuil. Bamama bengine bakaanza kufungua, huku na huku, bakicheka na kusukumana. Mama Berthe alifungua, akafungua, akafika mwisho. Alikuwa vile vile.

"Mimi nilikuwa ninasikia baridi tu," akasema.

"Mais rapport imesainiwa!" Chef akalia.

Docteur Gracieuse alikuwa ameketi, mikono kwa kichwa. Kisha akainuka. "Basi iko ya uongo, chef. Tunaanza upya. Miezi sita ingine. Mama Vagheni, accoucheuse wetu mwenye kuzalisha, atapima nyuma ya pazia, bila bikwembe."

Chef aliposikia miezi sita ingine, uso wake ukafunguka kama mutu mwenye amesikia sahani zinapangwa. "Ni kweli," akasema. "Kazi ya science inaomba uvumilivu."

"Na dawa?" Kaswera akauliza.

"Bila dawa hakuna utafiti," Docteur akajibu, na akamupa ya mwezi palepale.

Tulitoka. Gérard alipanga bikwembe kumi, akabitia kwa kichwa chake yeye mwenyewe, maana mimi nilikataa. Motard mumoja wa pikipiki akapunguza mwendo: "Kaswera, panda!" Kaswera akamupungia mukono apite.

Pa barabara bacuruzi bakatokea mulangoni. "Gérard! Unahama? Kuna shida?"

Gérard aliinamisha kichwa kwa mulango wa kwanza, na kwa wa pili. Kwa wa tatu akasimama, akashika muzigo vizuri.

"Hakuna shida. Ni nguo za bibi yangu. Amezishinda."

Akataka kuongeza neno, mais alikuwa anahema, na Kaswera alikuwa ameshafika juu ya kilima.