Mafuta Mabichi

"Taratibu kwenye kidole gumba," Dulcie alisema. "Hicho bado nakihitaji."

Glenys akapunguza nguvu. Alikuwa ameshamaliza mkono wa kushoto, sasa yuko kwenye wa kulia, akisugua mafuta ya kijani kuanzia kiganjani hadi ncha za vidole vilivyojipinda kama tangawizi. Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala bondeni, na ng'ombe wa jirani walionekana migongo tu. Glenys aliifanya kazi hiyo kama mtu anayekunja nguo zilizokauka, vizuri na bila kuiwaza. Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa, akasugua, akafuta meza, akarudi kwake kwa miguu kupitia malishoni.

Dulcie Hargrave alikuwa amevuka miaka themanini na tano, mjane wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Zamani, vijana wenye nywele ndefu walipohamia milima hii ya Nimbin, Australia, na kuanza kulima bangi, marehemu mumewe aliwaita chawa. Glenys alikuwa mmoja wa chawa hao. Leo chawa ana miaka sitini na saba, nywele zimekuwa nyeupe, na baridi yabisi ilipoanza kumla Dulcie viungo, ni mlango wa chawa aliokwenda kuugonga.

"Warwick anakuja Jumamosi," Dulcie alisema.

Warwick ni mwanawe wa pekee, muuzaji wa matrekta huko Lismore. Walikuwa wamepatana hivi: siku hiyo mama atampikia chai mwanawe bila msaada wa mtu. Ajaze birika, aliinue, amimine, afungue chupa ya jamu, apake mkate. Akiweza, anabaki nyumbani kwake. Akishindwa, anahamia nyumba ya wazee kule Ballina, pwani, ambako chumba kilikuwa kimeshapatikana.

"Ballina kuna nini?" Glenys aliuliza, kwa sababu ilikuwa zamu yake kusema kitu.

"Bahari. Mimi na bahari tuliwahi kukutana nikiwa kwenye fungate. Hatukupendana."

Glenys alijua kwamba hapo mtu hucheka. Akatabasamu. Akauliza kama mafuta yanasaidia, na Dulcie akageuza uso akaangalia jiko.

"Yananukia vizuri," alisema.

Bonde zima lilitumia mafuta ya Glenys. Wengine walipaka magotini, wengine mgongoni, na wenye maumivu ya usiku walilamba nusu kijiko kabla ya kulala. Aliyatengeneza kwa bangi iliyokuzwa na mumewe nyuma ya ndizi, na mafuta ya makadamia kutoka kwenye miti yao wenyewe. Polisi walilijua hilo na kulinyamazia, kama mambo mengi ya Nimbin. Sheria ya bonde ilikuwa moja tu, na hakuna aliyewahi kuivunja: aliyepika huonja kwanza. Kila anapochuja mafuta mapya, Glenys hulamba nusu kijiko, hukaa barazani jioni nzima, halafu kesho yake ndipo chupa zinapotoka.

Majira haya ya baridi alionja kila mara. Alikaa barazani. Hakusikia chochote, na hakushangaa, kwa sababu tangu Pasaka hakuwa anasikia chochote.

Denzil, mumewe, alikufa wiki ya Pasaka kwa saratani ya mifupa. Glenys hakulia. Watu walimletea masufuria ya dengu, akala, akayaosha, akawarudishia wenyewe. Walisema ana nguvu sana yule mama. Hakuwa na nguvu, hakuwa na kitu chochote ndani. Alipoambiwa pole alishukuru, na alipokumbatiwa alisubiri mpaka aachiwe.

Alipofika kwake Jumanne hiyo alimkuta jirani yake Korongo ameketi kwenye ngazi. Jina lake halisi watu walishalisahau; miguu yake mirefu ndiyo iliyompa hili. Nyonga ilikuwa inamsumbua, na mkononi alikuwa na chupa aliyopewa wiki iliyopita.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema, "lakini haya ni ya kutia kwenye saladi."

Akaeleza kwa kirefu, maana Korongo hajui kufupisha. Alilamba nusu kijiko, kimya. Akalamba kizima, kimya. Juzi akanywa vitatu, akajilaza akingoja, na kitu pekee kilichomjia ni tumbo la kuendesha. Glenys akaifungua chupa, akanusa. Ilinukia nyasi zilizokatwa asubuhi.

"Majani uliyachoma kwanza kwenye oveni?" Korongo aliuliza, kwa mzaha, kama unavyoweza kumwuliza mwokaji kama alikumbuka unga.

"Niliyachoma," Glenys alijibu, na alikuwa anaamini.

Korongo alipoondoka, Glenys akasimama mbele ya oveni. Alijaribu kukumbuka lini aliiwasha. Mkate alikuwa anaubanika juu ya moto wa gesi. Viazi alichemsha. Bangi aliitia kwenye mafuta, mafuta kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji, jioni nzima kwa moto mdogo, kisha akachuja kwa kitambaa. Yote hayo aliyakumbuka. Akaufungua mlango wa oveni.

Ndani kulikuwa na trei. Juu ya karatasi, bangi ilikuwa imetandazwa sawasawa, kwa mkono wake mwenyewe, nusu imekuwa ya kahawia na nusu bado kijani. Asubuhi ile ya Pasaka alikuwa amewasha oveni kwa ajili ya mafuta ya Denzil, yaliyokuwa yanakaribia kuisha. Kisha pumzi zake kule chumbani zikabadilika. Alipopita kuelekea huko, mkono ulizima oveni wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na mlango ule haukufunguliwa tena mpaka leo.

Bangi isiyopitia oveni ni majani tu. Moto mdogo wa kwanza ndio unaoiamsha, na bila huo unaweza kuiloweka kwenye mafuta mpaka uzeeke, hutapata dawa ya maana. Hilo huambiwa kila mgeni anayejifunza, na katika bonde hili aliyekuwa akiwaambia ni Glenys. Majira yote ya baridi alikuwa amegawa mafuta mabichi. Na alipoyaonja akakosa kusikia kitu, alidhani kasoro iko kwake.

Alijua kwamba hapo anapaswa kuona aibu. Akaisubiri, amesimama, mlango wa oveni uko wazi. Haikuja. Akaufunga mlango, akaenda kulala.

Jumatano haikuwa siku yake ya kwenda kwa Dulcie, lakini asubuhi alikwenda, akikatiza malisho yaliyolowa umande. Akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni: oveni, trei, chupa zote tangu Mei.

Dulcie alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha sweta. Hakuinua macho.

"Nilijua tangu chupa ya kwanza," alisema.

Glenys akakaa.

"Mafuta yako ya kweli yakiniingia, nacheka hata wakitangaza hali ya hewa. Haya nilikuwa nalamba, nalala macho, naangalia dari."

"Mbona hukusema, Mama Dulcie?"

"Ningesema, ungeona haya, usije tena. Na ulikuwa huendi pengine popote, mwanangu. Hata dukani ulikuwa unamtuma Korongo."

"Umeumia majira yote ya baridi."

"Nimeumia," Dulcie alisema. Hakulipunguza hilo neno. "Kuna usiku nimekutukana, matusi ambayo marehemu alikuwa anawatukana fahali. Halafu Jumanne inafika, nakuona unakuja kule malishoni na kikapu chako, nasema basi, angalau leo ametoka nje."

Glenys aliangalia mikono ile mezani. Aliona kwamba imezidi kupinda tangu Pasaka. Lazima ilikuwa mbele yake kila wiki, naye ameishika kila wiki.

"Nenda kapike," Dulcie alisema. "Kifungo hiki nitakimaliza mwenyewe. Tunaye Warwick Jumamosi."

Alipofika nyumbani alifikiria kuimwaga ile trei na kuanza na bangi nyingine ya mavuno ya nyuma. Lakini ile ilikuwa mavuno ya mwisho ya Denzil. Alikuwa ameikata ameketi kwenye kiti, kwa sababu miguu ilikuwa imeshakataa, huku akilisema kila shina kwamba limelishwa vizuri kuliko yeye. Glenys akaiacha kama ilivyokuwa, akawasha oveni, akavuta kiti.

Harufu ilianza polepole, kisha ikajaa. Nzito, ya karanga na ya mnyama, harufu iliyokaa nyumbani humu miezi yote ya ugonjwa, kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye ndevu za Denzil. Wenye akili hufungua madirisha wakati huo. Yeye hakufungua. Ilipokuwa tayari akaitia kwenye mafuta ya makadamia, akakaa nayo jikoni mpaka jioni, akachuja. Mafuta yalitoka ya dhahabu yenye ukijani kidogo, kama yanavyotakiwa.

Akalamba nusu kijiko, akaenda barazani.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha akagundua kwamba miguu yake ina baridi. Akaangalia chini. Soksi zilikuwa zimelowa chepechepe, zimelowa tangu asubuhi malishoni, na labda zilikuwa zinalowa hivyo kila siku tangu Mei. Baridi ilikuwa inauma. Akaenda ndani akabadilisha soksi, akarudi, akakaa akiisikiliza miguu inavyopata joto.

Usiku huo hakupeleka mafuta, maana sheria ni sheria. Alhamisi asubuhi ndipo alipoyapeleka, na Ijumaa alipokwenda kusugua, Dulcie alikuwa amelala mpaka jua limepanda na sasa alikuwa anawacheka wabunge redioni.

Jumamosi Warwick alikuja na maua na viatu safi. Mtu mkubwa, mpole, mwenye masikio ya mama yake. Alimwambia Glenys asante kwa yote, Bi Glenys, na alikuwa anamaanisha. Glenys aliombwa akae kama shahidi na asiguse chochote.

Dulcie alijaza birika nusu. Alilibeba kwa mikono miwili, akiwa amelishikilia kifuani, akalifikisha kwenye jiko. Lilipochemka alilishika kwa kitambaa, akamimina vikombe vitatu, na kilichomwagika kingeweza kumwagika kwa mtu yeyote. Warwick alianza kutabasamu. Kisha Dulcie akavuta chupa ya jamu.

Akazungusha kifuniko. Hakikusogea. Akakizungushia aproni, akaibana chupa tumboni, akajaribu tena, na midomo yake ikawa myeupe. Chini ya meza vidole vya Glenys vilikuwa vinazunguka vyenyewe. Dulcie akajaribu mara nyingine, akapumzika, akaiweka chupa mezani.

"Hakifunguki," alisema.

Warwick akaichukua, akaifungua kwa mzunguko mmoja, na papo hapo ikaonekana usoni kwamba ametamani asingeifungua. Akaanza kusema kwamba si jamu tu, Mama, ni ngazi, ni jiko, ni usiku. Mama yake akamwambia chai inapoa. Wakanywa. Halafu Warwick akasema inabidi awapigie wale wa Ballina, akatoka na simu yake.

Ndani ya nyumba ile simu haipati mtandao, wala uani. Ni mpaka mtu apande mlima.

Dulcie akasogeza vikombe, akainyoosha mikono yake juu ya meza, kama Jumanne. Glenys akamimina mafuta kiganjani, akayapasha joto, akaushika mkono wa kushoto. Vifundo vilikuwa vya moto. Vilikuwa vimevimba, vigumu, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachopigapiga haraka. Glenys akahisi kila kimoja. Uchungu ukampanda kutoka mbali, wa mikono hii na wa Denzil na wa majira yote yale ya baridi, na machozi yakaanza kudondoka juu ya mafuta, naye hakuwa na mkono mkavu wa kuyafuta.

"Unaniumiza," Dulcie alisema.

"Samahani."

"Sikusema uache."

Glenys akaendelea, taratibu kwenye kidole gumba. Dirishani Warwick alikuwa anapanda malishoni na viatu vyake safi, ameinua simu juu ya kichwa, anageuka kushoto, anageuka kulia, ng'ombe wakimwangalia. Alisimama, akaitazama simu, akapanda tena kidogo.