Kiti cha Jaji Dunphy

Msidanganywe na wanaosema eti ujaji wa mahakama ya shirikisho, ile ya nchi nzima, ni akili tu. Wenye akili wako tele, na wengi wao wanazeeka wakigombania kesi za uzio na ng'ombe waliopotea. Mimi, Verna Sestrich, nimekuwa karani wa Aileen Kivela tangu alipochaguliwa jaji wa kaunti hapa Anvil Gulch, na njia aliyopita naijua kama njia ya kwenda jikoni kwangu. Baba yake alichimba shaba. Yeye alisoma sheria kwa mkopo, akafanya kazi chini ya mzee Walter Dunphy, jaji wa shirikisho, akimtafutia vifungu na kumwandikia rasimu za hukumu. Baadaye akawatetea watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Halafu akaomba kura mlango kwa mlango, theluji hadi magotini, akawa jaji wetu. Na muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye kiti kimoja tu, kile cha Dunphy.

Kiti chenyewe ukishakipata ni chako mpaka kufa. Hakuna wa kukufukuza kwa sababu hakuipenda hukumu yako, hakuna wa kukupunguzia mshahara. Ndiyo maana kabla ya kukupa wanakupekua mpaka chini ya kitanda. Dunphy alipotangaza kwamba uzee umemfika, anapunguza kazi na kukiachia kiti, Rais akalitaja jina la Aileen, na wapelelezi wakatua mjini. Walikuja hadi kwangu kuniuliza kama bosi wangu anakunywa.

"Anakunywa kahawa ninayopika mimi," nikawaambia. "Mtu akivumilia hiyo, ujaji hautamshinda."

Hawakucheka, wakaandika.

Ikabaki karatasi ya buluu. Kwa desturi ya Seneti, maseneta wawili wa jimbo lako kila mmoja hutumiwa karatasi ya rangi hiyo. Akiirudisha, amekubali. Akiikalia, umekwisha, hata kama Rais anakupenda kuliko watoto wake. Seneta wetu wa kwanza aliirudisha upesi. Wa pili akaikalia, na sababu tuliijua sote: Cody Rademacher.

Huyu Cody alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Gogo lilimwangukia mgongoni, akazoea vidonge vya maumivu, mwishowe akavunja duka la dawa. Aileen hakumfunga. Alimpa kifungo cha nje, kwa sharti kwamba atibiwe na asiguse pombe. Loo, gazeti lilipiga kelele! Seneta wa pili akasema redioni kwamba jimbo hili halihitaji jaji mwenye mkono laini. Mama yake Cody, Norma, ndiye anayeuza pai za nyama na viazi mtaa wa pili kutoka mahakamani. Tulikuwa tukila kwake kila Ijumaa tangu kabla ya kesi ile, na Aileen alilipa bei kamili kama mtu yeyote.

Basi Februari, karatasi bado imekaliwa, Cody akalewa. Alimpakia bintiye mdogo kwenye pikapu, barabara imeganda barafu, wakaingia mtaroni. Mtoto akavunjika mkono. Cody alikuwa amevunja masharti ya kifungo cha nje, kwa hiyo ilibidi arudishwe mbele ya jaji aliyempa. Nikaliona jina lake kwenye ratiba, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Aileen bila kubisha hodi.

"Kesi hii mpe jaji wa kaunti ya jirani," nikamwambia. "Unapiga simu moja, anakuja kuisikiliza yeye, yamekwisha."

"Kwa nini nimpe?"

"Kwa nini? Jamani! Ukimwachia huru Cody, umepoteza kiti. Ukimfunga, mji mzima utasema umekinunua. Huoni?"

"Kesi ni yangu, Verna. Nikimkimbia Cody leo kwa sababu kuna seneta ananitazama, nitakuwa jaji wa namna gani huko mbele? Nitasikiliza ushahidi, nitaamua kama siku zote."

"Siku zote hukuwa unasubiri kitu."

Akanitazama juu ya miwani. "Kahawa imeisha," akasema.

"Bibi wee, usinitume kahawa ninapokueleza jambo la maana!"

Lakini nilikwenda kupika, nikibamiza kila kabati lililokuwa njiani. Mchana nikampigia Dunphy mwenyewe. Mzee akaja na fimbo yake, akakaa, akamwambia maneno yaleyale kwa sauti ya upole. "Mwanangu, kumpisha mwenzako si woga. Nimewapisha wenzangu kesi nyingi, na hakuna niliyoijutia."

"Jaji, wewe ndiye uliyenifundisha kutomwogopa mtu," Aileen akamjibu.

"Sikusema umwogope mtu. Nasema jiogope wewe mwenyewe kidogo."

Hakusikia. Tatizo la Aileen ni kwamba anajijua kuwa mwadilifu, na mtu kama huyo ana kichwa kigumu kuliko mwizi. Nampenda kama dada, lakini siku ile nilitamani kumtikisa mabega.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Norma alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Mwendesha mashtaka akaomba Cody atumikie miaka mitano gerezani. Wakili wake akaomba arudishwe kwenye matibabu. Aileen akamwita Cody asimame.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulijua mtoto yumo garini?"

"Nilijua. Alilia akaniambia, baba, punguza mwendo."

Aileen akampa nafasi Norma aseme. Norma hakukana lolote. Alisema tu kwamba mwanawe amekuwa akiugua tangu lile gogo, na kwamba yeye atamchukua mtoto. Kisha Aileen akatoa uamuzi. Alisema mahakama ilimwamini Cody mara moja, na sasa aliyeumia ni mtoto asiyeweza kujitetea. Miaka mitano. Nimesikia hukumu nyingi maishani, na ile haikuwa na neno hata moja baya. Ningekuwa mimi, ningesema hivyohivyo. Lakini nilijikuta namtazama usoni nikikitafuta kile kiti, na naona haya kusema hivyo kwa sababu sikukiona, na bado niliendelea kutafuta.

Watu walipokuwa wakitoka, Norma alisimama mbele ya meza yetu.

"Hongera kwa kiti chako, Mheshimiwa," akasema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata karatasi ya buluu ikarudi. Hakuna aliyepiga simu wala kusema neno lisilofaa, ilirudi tu. Kamati ikamhoji Aileen, Seneti ikapiga kura, na msimu wa majani kupukutika Dunphy akamvisha joho kwenye ukumbi uleule ambamo zamani Aileen alikuwa akimbebea vitabu. Nililia, sikufichi. Baada ya sherehe akanichukua niwe katibu wake wa shirikisho. Tukahamia jengo la pili, lenye lifti inayofanya kazi.

Ungedhani angefurahi. Alichapa kazi, hilo sikatai, lakini Ijumaa zilipofika alikula mkate wa nyumbani mezani pake. Siku moja akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Verna, karatasi ile ingekuwa imesharudi siku ile, ningempa Cody miaka mingapi?"

"Mitano," nikasema.

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sina," nikamwambia.

"Na mimi sina." Akasogeza faili, akavua miwani, akaisugua kwa muda mrefu. "Nimekaa kwenye kiti ambacho hakuna mtu duniani wa kunitisha. Nimepewa ili niwe huru. Na sijui."

Ijumaa iliyofuata nikamshika mkono, nikasema leo tunakwenda kula pai, utake usitake. Alibisha njia nzima. Tulisimama kwenye foleni kama watu wengine. Nyuma ya kaunta mjukuu wa Norma alikuwa akipaka rangi kitabu cha picha, mkono umepona kabisa. Zamu yetu ikafika.

"Mbili," Aileen akasema. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Norma, nimekuja pia kwa ajili ya Cody."

Norma akazifunga pai kwenye karatasi, taratibu, kama anayemfungia mgeni.

"Cody alistahili," akasema. "Nimemwambia mwenyewe kila ninapokwenda kumwona. Hata angempata jaji gani, mtoto angekuwa amevunjika mkono vilevile. Sina ugomvi na miaka."

"Basi ni nini?"

"Nilitaka mwanangu ahukumiwe na mtu asiyehitaji kitu siku hiyo. Hilo tu. Sasa yeye kule ndani anajiuliza, na mimi hapa najiuliza, na hutatujibu kwa sababu huwezi." Akasukuma pai mbele yetu, akataja bei, akamwangalia aliyekuwa nyuma yetu. "Karibu, unachukua ngapi?"

Aileen alilipa bei kamili. Tulikaa garini, pai zikituunguza mapajani, na hakuna aliyefungua yake.

"Ungenizuia," akasema hatimaye.

"Nilikuzuia," nikamwambia. "Ukanituma kahawa."