Povu la Maziwa

Akiru, Mturkana wa kijiji cha jirani, alipofika kwenye uzio wa miiba na kibuyu cha maziwa begani, Nyariek alikuwa ameshapepeta mtama na bado anaokota vijiwe. Mtama wa mgao siku hizo ulikuja na changarawe, na ukienda kulalamika ofisini unaambiwa ushukuru kuna watu hawapati hata hiyo changarawe.

"Ejok," Akiru akasalimia, akachuchumaa. Kabla hajafungua kibuyu alivuta lile debe la mtama akachungulia ndani. Nyariek akajua leo kuna mazungumzo.

Kwa kawaida walibadilishana bakuli moja la mtama kwa kibuyu kidogo cha maziwa ya mbuzi, wala hawakuwa na haja ya kusema mengi. Leo yalikuwa ya ng'ombe, na Akiru akaonyesha kwa vidole kwamba anataka mabakuli matatu.

"Hiyo ni mgao yangu karibu yote," Nyariek akasema.

"Ng'ombe imepanda huko kwa Uganda kutafuta nyasi, dada. Imebaki moja tu na ndama yake. Na nyinyi mmekuwa wengi. Maziwa iko ile ile."

Hapo Akiru hakudanganya. Tangu mwaka uliotangulia watu walikuwa wakishuka kwenye malori kutoka Jonglei, Sudan Kusini, na kila lori likishusha watu kambini Kakuma, kuni zinapanda bei, maji yanapungua, na mgao unakatwa kidogo ili kila mtu apate kidogo zaidi. Nyariek alijaza mabakuli matatu. Alimwaga taratibu, mkono ukiuma.

Alifanya hivyo kwa ajili ya mama yake, ambaye majirani wote walimwita Man Nyariek, yaani mama wa Nyariek. Bibi huyo alikuwa amelala ndani ya nyumba ya udongo, uso kaupa ukuta. Juzi alikataa uji wa mahindi. Jana alikataa mbaazi za njano, akasema hizo ni chakula cha kuku na yeye hajawahi kuwa kuku. Daktari wa kliniki alimpa vidonge na kusema ale. Ndipo bibi akasema atakula walwal, na iwe na maziwa ya ng'ombe kama ya kwao Nasir, au basi.

Nyariek alikuwa na hamu nayo pia, tena kubwa. Nasir, kando ya mto Sobat, asubuhi ya kiangazi ilianza na sauti ya walwal. Mama yake alikaa na kata pana ya kibuyu mapajani, akanyunyiza maji kwenye unga wa mtama na kuuzungusha, akauzungusha, mpaka unga ukawa punje ndogo ndogo zinazokimbizana ndani ya kata. Watoto waliamshwa na mchakacho huo. Halafu punje zikapikwa, zikamwagiwa maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo, na kila mtu akaenda kulia mahali pake: wanaume kwao, wanawake kwao, maana haikuwa adabu mtu kutazamwa akitafuna na asiyemhusu. Nyariek aliwahi kuamini kwamba dunia nzima inaamka hivyo.

Sasa tuje kwenye habari ya kamera. Thuok, mtoto wa shemeji yake, alikuwa mkalimani wa shirika moja, kazi ya posho ambayo vijana kumi wengine waliimezea mate. Shirika lilikuwa limeleta watu kutoka Nairobi watengeneze filamu ya chakula cha wakimbizi, na Thuok kwa mdomo wake mwenyewe akawasimulia kuhusu bibi anayetaka walwal. Wakaipenda hadithi hiyo mno. Akaja kwa Nyariek usiku uliotangulia, anapikicha mikono, akasema, "Mama mdogo, nisaidie. Nimeshawaambia ndiyo."

Nyariek alikubali kwa sharti moja. Wapige picha wanavyotaka, lakini chakula ni cha mama, na mama hapigwi picha akila. Thuok akaapa.

Gari lao jeupe lilitoka Lodwar likachelewa, kwa sababu barabarani walikutana na msafara wa kampeni na wimbo wake wa spika, na kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani alitaka kuona kibali, kisha nakala ya kibali, kisha akataka soda. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, Jerotich, mwenye viatu vya kupanda milima na sauti ya upole. Alimsalimia Nyariek kwa mikono yote miwili. Huyu hakuwa mtu mbaya, na afadhali lisemwe mapema.

Alikaa chini kwenye vumbi akaeleza anachotaka. Alisema kwenye filamu mtu akisema "nakupenda, mama" watazamaji wanapiga miayo, lakini ukiwaonyesha mikono inayokanda unga, wanalia wenyewe bila kuambiwa. Alisema yeye bibi yake wa Nandi alikuwa akimpa maziwa kwenye kikombe cha bati alfajiri, bado yana joto la ng'ombe, na juu yake povu linalobaki mdomoni kama masharubu. Bibi alishafariki. "Nikifunga macho," akasema, "sioni sura yake vizuri tena. Naona lile povu."

Nyariek alimsikiliza na moyo ukalainika. Alielewa karibu yote, maana Kiswahili alikijua cha sokoni na cha foleni, na habari ya bibi haihitaji Kiswahili kingi. Akaanza kazi.

Thuok hakuingia jikoni. Paji la uso wake lilikuwa na ile mistari sita ya utu uzima, na mwanamume wa Kinuer aliyekatwa alama hizo hasimami juu ya chungu cha wanawake, awe mkimbizi au awe waziri. Alisimama nje ya uzio, mgongo kaupa moto, akatafsiri akitazama barabara. Mpiga picha aliona hilo ni kichekesho akamwambia aingie tu, hapa si kijijini. Thuok akacheka, wala hakugeuka.

Kata ilizunguka. Mwanzoni mikono ya Nyariek iliona haya mbele ya kile kioo cheusi cha kamera, halafu ikasahau. Unga ukaanza kushikana, punje zikaanza kukimbizana, na ndani ya nyumba bibi akakohoa, kisha akauliza kwa sauti kama ni walwal anayoisikia. Nyariek akajibu ndiyo, mama. Jerotich alifunga mdomo kwa kiganja. Hata yule mpiga picha aliacha kutafuna bazoka yake.

Wakamrudisha nyuma mara kadhaa. Koroga tena. Inua kifuniko tena, moshi ulikuwa mdogo. Jua likapanda, kuni zikaisha, akaongeza miti miwili aliyokuwa ameiweka ya kesho. Hatimaye walwal ikaiva, akaipakua kwenye kibuyu safi kilichokatwa kama bakuli, akamimina maziwa ya Akiru yote. Harufu ilipopanda, Nyariek alilazimika kufumba macho kidogo. Alikuwa Nasir. Alikuwa na miaka sita, miguu ina umande, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa bado.

Alipofumbua, Jerotich alikuwa amepiga magoti mbele ya kibuyu, anakitazama kwa jicho moja kupitia kamera, anatikisa kichwa. Maziwa yalikuwa yametulia. Yalikuwa bapa, hayana uhai, akasema. Akamwambia mpiga picha kitu kwa Kiingereza, akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa vifaa, akatoa chupa ndogo ya kijani. Akatia matone, akachukua uma, akapiga maziwa haraka haraka. Povu likapanda, jeupe, zuri, likajaa mpaka ukingoni.

Nyariek aliifahamu ile harufu ya ndimu. Ilikuwa sabuni ya kuoshea vyombo.

"Hiyo sabuni," akasema.

"Kidogo tu, mama. Ni ya kamera. Sasa imekaa kama imekamuliwa saa hii, si unaona?" Jerotich alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa yana machozi. Alikuwa anamwona bibi yake.

"Hii chakula ya mama yangu. Anangoja."

Tabasamu likafifia. Jerotich alitazama kibuyu, akamtazama Nyariek, akashika kichwa. Alisema pole. Alisema kwenye filamu chakula cha mbele ya kamera huwa hakiliwi, ni desturi ya kazi, alidhani kuna kingine jikoni. Alisema pole tena, na ilikuwa pole ya kweli. Akaahidi kuleta maziwa ya pakiti kutoka Lodwar safari ijayo.

Nyariek akamwita Thuok, akamwuliza kwa Kinuer kama hakuwaambia. Thuok alisema aliwaambia wasimpige bibi picha. Hilo la chakula hakulisema, maana nani angefikiri kwamba mtu anahitaji kuambiwa asitie sabuni kwenye chakula? Kama angekuwa ametazama, angeona chupa inavyotoka mkobani. Lakini aliyetazama barabara alikuwa ametazama barabara, kama alivyofundishwa, na hata sasa alikuwa anaongea na miiba ya uzio.

Msafara wa kurudi Lodwar wenye askari ulikuwa na saa yake, na dereva akapiga honi. Ilibaki picha moja. Jerotich aliomba kwa unyenyekevu, karibu kwa aibu: Nyariek ashike kibuyu, alitazame povu, kisha atazame kamera na kusema kwa lugha yake chakula hiki ni nini kwake. Asionje, aseme tu. Kutoka nje ya uzio Thuok akasema polepole, "Mama mdogo, tafadhali. Ni kazi yangu."

Akashika kibuyu. Alikitazama kile kioo cheusi, akasema kwa Kinuer, kwa sauti ile ile ya kuzungumza na mtu aliye chumba cha pili:

"Mama, nilikupikia vizuri, na ulisikia. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe. Hawa wageni wametia sabuni ndani ili yapendeze machoni. Usiningoje."

Jerotich akapangusa shavu, akamwuliza Thuok amesema nini.

Mgongo wa Thuok ulikaa bila kutikisika. Nyariek aliutazama, na hakumchukia. Kijana huyo alikuwa na watoto wadogo wawili na kadi ya kazi shingoni.

"Anasema," Thuok akajibu, "hii chakula inamkumbusha mama yake."

"Nilijua," Jerotich akasema. Akamkumbatia Nyariek kwa nguvu, kwa upendo, akaingia garini.

Vumbi lilipotulia Nyariek alimwaga kile chakula nyuma ya choo, kuku wa jirani wasije wakafa. Akaosha kibuyu, ambacho kilikuwa kimeshaoshwa nusu, akaingia ndani mikono mitupu.

Bibi alikuwa ameukalia mkeka, mgongo ukutani. Hakuuliza chakula kiko wapi. Nyumba ya udongo haizuii sauti.

"Maji ulinyunyiza mara ngapi?" akauliza.

Nyariek akamweleza. Akamweleza unga ulivyokuwa mkavu, kata ilivyozunguka, punje zilivyotoka, moto ulivyomsumbua. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa, mdomo ukicheza kidogo. Alisema maji yalizidi. Alisema huko Nasir walikuwa hawafuniki chungu mapema hivyo, na kwamba Nyariek tangu utotoni ana haraka. Wakabishana kuhusu kifuniko hadi wote wawili wakacheka, na kicheko kikamchosha bibi, akajilaza tena.

"Hiyo picha wataionyesha wapi?" bibi akauliza.

"Thuok anasema uwanjani, siku ya wakimbizi. Kitambaa kikubwa, watu wote waje. Wakubwa kutoka Nairobi watakaa mbele."

"Na maneno yako yatakuwemo?"

"Yatakuwemo. Chini wataandika ya Thuok kwa Kiingereza."

Bibi akamgeukia. Kisha uso wake uliokauka ukapata kitu cha ujana, cha utundu.

"Wao watasoma," akasema, "sisi tutasikia. Utanibeba mpaka huko. Nataka kuwepo wakipiga makofi."

Nyariek akasema atambeba. Siku ya wakimbizi ni mwezi wa sita. Huu ulikuwa wa pili, na mama yake alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi.