Mashine ya Nyuma Inajibu

Wariara alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika duka la kompyuta la Ketan, karibu na mtaa wa Bondeni. Ilikuwa Februari 2008. Waliochomewa nyumba katika ghasia za uchaguzi walilala kwenye mahema, na Ketan alitaka tovuti ambako mtu angeandika jina la jamaa aliyepotea apate habari zake. Seva ya mbele ilipokea maswali. Kazi ya Wariara ilikuwa kuielekeza iyapitishe kwa mashine ya nyuma, yenye programu ya kutafuta majibu. Tangu asubuhi seva hiyo ilikuwa imegoma.

Akarekebisha mstari mmoja wa maagizo, akaiwasha upya, akaandika jina la kujaribia. Jibu likaja papo hapo.

"Boss, imeshika!" Aliruka hadi akagonga kichwa mezani.

Ketan akachungulia. "Waya ya mashine ya nyuma iko wapi?"

"Ni hii. Sijaichomeka."

"Na inajibu?"

"Inajibu."

"Basi usiguse kitu."

Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imetokeza barabarani. Swali lilimwendea anayetafutwa mwenyewe moja kwa moja, awe hai au marehemu. Chepkemei, mmoja wa waliopanga foleni, alimpata dada yake Eldama Ravine, mzima, akiuliza ng'ombe wanakamuliwa na nani. Vigelegele vikapasua duka. Wariara alikimbia kutoka skrini hii hadi ile, hajala, wala hana habari na njaa.

Mzee Muiruri, mkulima wa Molo, aliandika jina la mkewe Nyakio, aliyezikwa shambani kwao Januari.

"Umekula?" Nyakio akajibu.

Mzee akacheka hadi machozi. "Nimekula. Uko wapi?"

"Nyumbani. Aliyetuchomea nyumba ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Sasa analima shamba letu."

Wariara akachapisha maneno hayo, wakaenda na mzee mbio hadi kituo cha polisi. Afisa alisoma kwa makini.

"Shahidi yuko wapi?"

"Alifariki," Wariara alisema, "lakini mchana kutwa anapatikana."

"Hiyo si shida. Ila lazima aje mwenyewe aandikishe."

Wakarudi dukani. Nyakio alisema hawezi kuja. Miguu ndiyo hana.

Masika yalipoanza, Muiruri alikuwa angali hemani. Kila asubuhi alikuja dukani, Wariara akimwachia kiti cha dirishani.

"Mvua imefika huko?" mzee aliandika.

"Imefika," Nyakio akajibu. "Jirani amepanda viazi. Vimeota vizuri sana."