Mwenye Miti

Garmai alisugua mikono kwa sabuni na majivu hata ngozi ikamchonyota, kisha akainusa. Harufu ya utomvu wa mpira haikutoka. Akabaki amesimama uani, nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Ndani, binti yake Yassah alikuwa kitandani, midomo bado imevimba. Alizaliwa na uti wa mgongo ulio wazi. Tangu uchanga alipasuliwa mara nyingi, na mkojo hautoki mpaka awekewe mrija wa mpira. Jana yake, nesi wa hospitali ya shamba la mpira alimshika kwa glavu kama siku zote. Mtoto akatoka mabaka mwili mzima, pumzi ikakata. Sindano ndiyo iliyomrudisha.

"Mwili wake umeukataa mpira," daktari alimwambia Garmai. "Glavu, puto, hata utomvu wa kwenye nguo zako. Safari nyingine huenda tusimuwahi."

"Daktari, mimi ni mgema wa mpira. Kambi nzima inanuka mpira."

Daktari alitazama dirishani, kwenye mistari ya miti ya mpira.

Kulipokucha Garmai alimfuata msimamizi Sumo, pale wagema wanapomimina utomvu kwenye tangi.

"Nipe kazi ya kufagia ofisi, bosi. Au jikoni. Popote."

"Wafagiaji wapo." Sumo alikuwa akichungulia ndoo ya mtu mwingine. "Mumeo alikufa, ukarithi miti yake. Nyumba ni ya mwenye miti. Hospitali ni ya mwenye nyumba. Ukiiacha miti, mtoto utamtibia wapi, dada yangu? Kwa mganga?"

Wagema wawili walicheka, kisha wakainama.

"Miti hiyo ndiyo inayomuua."

"Basi chagua."

Garmai akachukua kisu chake, akaenda mitini.

Tangu hapo jirani, Ma Kebbeh, mjane muuza samaki wa moshi, ndiye aliyemwogesha Yassah, akamlisha wali na kisamvu, akalala kando yake. Garmai alioga, akabadili nguo, akajaribu kumshika, mabaka yakarudi. Akahamishia mkeka wake barazani.

Jioni moja mvua ikinyesha, sauti ilitoka ndani. "Mama! Tumbo!"

Garmai aliruka, akafika kizingitini, mikono kaificha nyuma. "Niko hapa, mwanangu."

Yassah alimtazama.

"Siyo wewe," akasema. "Mama yule."

Garmai akasogea pembeni, mvuani, Ma Kebbeh apate kupita.