Hita ya Mke wa Fundi Koili

Walimwita Fundi Koili kwa sababu miaka nenda rudi kazi yake ilikuwa kusuka koili za hita na majiko ya umeme. Mkewe alipougua figo, akawa anasikia baridi hata jua likiwaka, koili hizo hizo ndizo zilizomtia hofu fundi. Moja ilishaunguza blanketi, nusura imuunguze na mgonjwa.

Akaamua kumtengenezea hita isiyoweza kuunguza. Alitafuta vipande vya kauri vya aina yake: kadiri vinavyopata moto, ndivyo vinavyoubana umeme vyenyewe, bila kuchungwa na mtu. Akavifunga kwenye boksi la bati kando ya kitanda. Boksi likawa vuguvugu, basi.

"Shemeji, hii inampasha joto mgonjwa au inajipasha yenyewe?" aliuliza mdogo wa mkewe, aliyekuja kuuguza.

Fundi hakucheka. Alifungua boksi, akaona shemeji amesema kweli. Kauri haikugusana vizuri na bati. Joto lilikwama humo humo, kauri ikajiona imeshaiva, ikaubana umeme mapema.

Akasugua bamba la alumini mpaka likawa sawasawa, akalipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akaibana kauri hapo kwa springi. Juu yake akapanga mapezi membamba ya alumini ya kutawanya joto, na feni ndogo ya kuyapuliza. Alijua fika kwamba kazi ile ilimpa pia pa kuinamisha macho, asimwone mkewe akiisha.

Alipoiwasha, chumba kilijaa joto. Shemeji akavua sweta. "Hapo sasa umetuweza," alisema.

Fundi akainama kitandani. "Mke wangu, joto limekufikia?"

"Kwani umewasha?"

Akaushika mkono wake, akauweka mbele ya mapezi.

"Nasikia upepo," alisema mkewe. "Mzuri, lakini ni upepo tu."

Shemeji akatoka nje kulia. Fundi akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu ambazo hazikulegea.

"Acha, baba," mkewe alimwambia. "Njoo ulale hapa."

Akapanda na viatu vyake, akamkumbatia. Jasho lilimtiririka, na bado mwenzake alitetemeka mikononi mwake.

Mkewe alikufa wiki ile ile, hita ikiwaka. Fundi hakuizima. Shemeji ndiye aliyeingia, akachomoa waya ukutani.