Mzunguko wa Wapiga Picha

Pa-pa, pa-pa, pa-pa. Fundi wa kuchomelea aliisikia miguu yake kabla haijakata kona. Akainua ngao usoni, akatazama. Ikapita mbele ya karakana, miguu peke yake, isiyo na mtu juu yake, imevaa raba na kaptura ya mashindano, haina hata jasho.

"Jirani, miguu yako hiyo," alisema muuza maji.

"Nimeiona."

"Leo inakwenda kweli!"

"Haijabeba mtu, kwa nini isiende?"

Ilikuwa hivyo tangu zile mbio ndefu za kuchangia watoto wenye ulemavu. Fundi alikimbia kila mwaka, maana binti yake alitumia kiti cha magurudumu na darasa lake lilikuwa ghorofani. Kila mwaka watu walichangia ujenzi wa njia ya mteremko pale shuleni, na kila mwaka ngazi zilibaki ngazi. Safari hii, alipomaliza hoi bin taabani, mwenyekiti wa kamati alimwomba aongeze mzunguko mmoja kwa ajili ya wapiga picha. Fundi akakataa. Miguu ikakubali.

Fundi akajichomelea kiti cha magurudumu, akarudi kazini. Miguu iliendelea kuzunguka mji, na kila ilikopita watu walipiga makofi na kutoa michango.

Asubuhi moja alimsindikiza binti yake shuleni, kiti kwa kiti. Wakakomea chini ya ngazi. Juu somo lilishaanza. Binti akafungua daftari, akawa anaandika yaliyomfikia kupitia dirishani, kama alivyozoea.

"Baba, mwalimu amesema sita au saba?"

"Sijasikia, mama." Fundi akapaza sauti kuelekea ofisi ya kamati, nayo ilikuwa hukohuko juu. "Mwenyekiti!"

Kichwa kikachungulia. "Bingwa wetu! Panda, panda!"

"Nipande na nini?"

"Aa. Kweli bwana."

"Chuma ninacho. Nipe ruhusa tu, huo mteremko nauchomelea mwenyewe, bure. Kesho mtoto anaingia darasani."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Sasa ndugu yangu, tukishaujenga, watu watakimbilia nini? Na hiyo miguu yako ndiyo kwanza imechanganya!"

Hasira zikampanda fundi. Akashika magurudumu, akayagongesha kwenye ngazi ya kwanza, mara moja, mara ya pili. Kiti kikarudi nyuma.

Barabarani miguu ikapita. Mlinzi wa geti akaacha chai yake, akaipigia makofi.

"Shiii," binti alisema, sikio lake likiwa bado dirishani. "Baba, sisikii."

Fundi akayaachia magurudumu.

"Usivunjike moyo, bingwa," mwenyekiti alisema kwa upole, akiegemea dirisha. "Mwakani, nakuahidi mbele ya mwanao, tutakimbia kwa ajili yako pia."